Mama wa Miaka 45 Hahitaji Chai ya Kupunguza Tumbo

SEHEMU YA 1: Tuanze na matusi

Leo nina maneno makali kidogo, naomba mvumilie mpaka sehemu ya mwisho. Mimi ni nesi, kazi yangu ni wodini na kliniki, na kuna jambo limenichosha.

Mwanamke akifika miaka 42, 45, 50, mwili ukaongezeka, kila mtu anakuwa hakimu wake. Mawifi wanasema amejiachia. Mume anasema "siku hizi umekuwa kama gunia" halafu anacheka, eti utani. Binti yake anamtumia video ya mzungu anaruka kamba. Shoga yake wa karibu anamwambia kuna chai inauzwa 35,000, siku 14 tu tumbo linakuwa bapa.

Akianza kupungua kweli, watu wale wale wanaanza kunong'ona. Anaumwa nini? Ameungua? Mume kamletea? Ndoa ina shida? Kwa hiyo akinenepa ana kosa, akikonda ana kosa. Hebu niambieni huyu mama afanye nini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishana nini. Mama wa miaka 45 anayehangaika na uzito hana tatizo la uvivu, na dawa yake haiko kwenye pakiti ya chai. Anahitaji vitu vitatu: kupimwa vizuri, kulala, na nyumba inayobadilika pamoja naye. Anayemuuzia kitu kingine anamla hela.

SEHEMU YA 2: Mwili wa miaka 45 una nini?

Wauzaji wanapenda kusema, "Ukifika 40 mwili unaacha kuchoma mafuta, ndiyo maana unahitaji bidhaa yetu." Maneno matamu, ila uongo. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga vya siku 8 mpaka wazee wa miaka 95. Waliona kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili wa mtu, nishati anayotumia haibadiliki sana kuanzia miaka 20 hadi 60. Yaani injini yako haijazimika ulipokata keki ya miaka 40.

Sasa mbona nguo hazifungi? Kwa sababu kuna mambo kadhaa yanakuja kwa pamoja.

La kwanza ni misuli. Misuli inakula nishati hata ukiwa umekaa, na kadiri umri unavyokwenda tunaipoteza, hasa tusipoitumia. Bibi yako alitwanga, alilima, alichota maji na kutembea mpaka sokoni. Wewe umekaa dukani kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, na kwenda nyumbani unapanda bodaboda. Ukila chakula cha bibi yako bila jembe la bibi yako, kinabaki mwilini. Kwa hiyo anayesema "mbona bibi zetu walikula ugali na hawakuwa wanene", mjibu hivyo.

La pili ni homoni. Hedhi kwa kawaida inakoma kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo inaanza kuyumba. Estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yanakaa kwenye mapaja na nyonga yanahamia tumboni. Ndiyo maana unaweza kuwa na kilo zile zile za mwaka juzi lakini sketi haifungi kiunoni. Huo siyo uchawi, wala siyo ulafi.

La tatu ni usingizi. Mama anaamka saa 10 usiku kuandaa watoto wa shule, analala saa 6. Katikati anaamshwa na joto la ghafla la ukomo wa hedhi, shuka linalowa jasho. Mtu asiyelala vizuri anasikia njaa zaidi, na hamu yake inakwenda kwenye vitu vitamu na vya kukaanga. Ukimwona mama wa namna hiyo saa 4 asubuhi na andazi la pili mkononi, usimhukumu. Muulize jana amelala saa ngapi.

La nne ni dawa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inaweza kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Prednisolone pia, amitriptyline pia, insulini pia, na baadhi ya vidonge vya sukari na vya kifafa. Sisemi uziache! Nasema umuulize daktari wako, kwa sababu mara nyingine kuna dawa mbadala.

La tano linasahaulika sana: siyo kila tumbo ni mafuta. Uvimbe kwenye kizazi unakuza tumbo. Maji tumboni yanakuza tumbo. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole, mtu anaongezeka uzito, anasikia baridi, anachoka, choo kinakuwa kigumu. Na mama wa miaka 43 ambaye hedhi yake imeyumba anaweza kuwa na mimba. Msicheke, yapo. Huyo ukimpa chai ya kuharisha umefanya nini?

SEHEMU YA 3: Ndani ya pakiti kuna nini?

Tuje kwenye hizo chai zenyewe.

Nyingi zina sana, au kwa jina linaloandikwa kwenye pakiti, senna. Ni mmea wa kweli, na hospitali tunautumia kwa mgonjwa aliyefunga choo. Kazi yake ni kuharisha. Ukiharisha siku nne, mzani unashuka kilo 2 au 3 na unashangilia. Kilichotoka ni maji na choo. Mafuta yako yapo pale pale yanakusubiri. Ukirudi kula na kunywa kawaida, kilo zinarudi, na muuzaji anakwambia uliacha dozi mapema, ongeza pakiti.

Kuharisha kwa wiki kadhaa kunatoa pia potasiamu. Potasiamu ikishuka sana, misuli inaishiwa nguvu na mapigo ya moyo yanavurugika. Kwa mama anayemeza vidonge vya presha vinavyokojoza, ambavyo baadhi yake vinashusha potasiamu pia, hatari inakuwa mara mbili. Kwa mama anayenyonyesha naomba nisielezane sana: acha kabisa hizo chai. Mwili wako unahitaji maji ili utoe maziwa.

Kuna kundi la pili, baya kuliko hilo. Sibutramine ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya kuonekana inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi kwa wenye magonjwa ya moyo. Dawa hiyo iliyokatazwa imeshakutwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, imefichwa ndani ya vidonge, kahawa na chai zilizoandikwa "asili asilimia 100". Inapandisha presha na mapigo ya moyo. Ukinywa chai ukasikia moyo unakwenda mbio, kinywa kikavu, usingizi hauji na njaa imekata ghafla, usiseme "inafanya kazi hii". Iache, nenda hospitali na pakiti yake mkononi.

Utasikia, "Lakini dada, kampuni imesajiliwa, cheti hiki hapa." Soma hicho cheti. BRELA inasajili jina la biashara na kampuni. Haifungui pakiti kupima kilichomo. Hata mimi nikitaka kesho nasajili kampuni ya kuuza maji ya bomba kwa jina la dawa ya ndoa. Kitu kinachodai kutibu au kubadilisha mwili wako, uliza kama bidhaa yenyewe inatambuliwa na TMDA au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji akianza hasira, umeshapata jibu.

"Lakini ni mitishamba, haina kemikali." Mama, na muhogo mchungu je? Ni wa asili kabisa, ukiula bila kuuandaa unakuua.

Na angalia kitu kingine. Ukurasa huo huo unaouza chai ya kupungua, shuka chini kidogo, utakuta unauza vidonge vya kunenepesha hipsi. Mtu mmoja anakuuzia kunenepa na kukonda. Huyo haujui mwili wako, anaijua simu yako ya kutumia pesa.

SEHEMU YA 4: Kinachoniuma zaidi

Kupoteza 35,000 kunauma, lakini siyo kinachoniamsha kuandika usiku huu.

Kinachoniuma ni mama wa miaka 47 au 50 mwenye presha, anatumia dawa zake vizuri, halafu muuzaji anamwambia, "Ukitumia hii, zile za hospitali weka pembeni kwanza, zitagombana." Anaweka pembeni. Wiki tatu baadaye analetwa usiku na watoto wake, mdomo umepinda, mkono mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki. Mama wa namna hii nimempokea zaidi ya mara moja. Watoto wanaulizwa ametumia nini, wanatoa pakiti kwenye mkoba.

Huyo mama alikuwa anauza, anasomesha, analea wajukuu. Sasa anageuzwa kitandani kila saa 2 asipate vidonda, na binti wa kidato cha tatu anakatisha masomo kumuuguza. Muuzaji ameshakuzuia na kubadilisha jina la ukurasa.

Andikeni mahali, tafadhali: dawa ya presha haiachwi kwa ushauri wa muuza chai. Hata presha ikisoma vizuri, inasoma vizuri kwa sababu unameza dawa. Ukipungua uzito kweli, daktari ndiye atakayekupunguzia dozi, na anafanya hivyo kwa furaha.

SEHEMU YA 5: Na sisi wa hospitali tusikwepe

Wenzangu wa kada ya afya mnaosoma hapa, msinikasirikie. Nalaumu biashara ya chai, lakini nani anampeleka mama kwa muuza chai?

Mama anakuja kliniki na magoti yanauma. Anaambiwa "punguza uzito mama", dakika 2, anayefuata aingie. Apunguze vipi? Ale nini, na mshahara gani, na nyumba ya watu 7? Hakuna anayemwambia. Hapimwi kiuno, haulizwi usingizi, haulizwi hedhi, haulizwi dawa anazotumia. Anatoka pale na aibu tu. Nje ya geti anafungua simu, anakutana na mtu anayemwita "mpenzi", anayemsikiliza, anayejibu meseji saa 5 usiku. Unategemea aende wapi?

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Hao ni zaidi ya robo. Huwezi kuniambia zaidi ya robo ya wanawake wa nchi ni wavivu. Wanawake hawa ndio wanaoamka kabla ya jua na kulala mwisho. Sentensi ya "punguza uzito" peke yake haijawahi kumtibu mtu.

Kwa hiyo mama, ukienda kituo cha afya dai vitu hivi bila kuogopa. Upimwe presha, 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa na kubaki hapo, ni presha ya juu. Upimwe sukari asubuhi kabla ya kula, 7.0 au zaidi, ikirudiwa, ni kisukari. Upimwe damu kama unachoka sana. Sema dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba. Sema kama unakoroma na kukabwa pumzi usingizini. Na kama hedhi ilikoma mwaka mzima halafu damu ikatoka tena, hata tone, usisubiri. Njoo.

SEHEMU YA 6: Sasa tufanye nini nyumbani?

Nisije nikawa kama hao ninaowalaumu, nikaishia kusema "punguza uzito".

Anza na kamba. Chukua kamba yoyote, pima urefu wako kutoka utosini mpaka kisigino, kata. Ikunje katikati. Sasa izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu, ukiwa umepumua kawaida. Ncha zikikutana, uko salama zaidi. Zisipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako na una kazi ya kufanya. Kama una futi ya fundi cherehani, kwa mwanamke sentimita 80 ni taa ya njano, 88 ni taa nyekundu. Kipimo hiki kinakwambia mengi kuliko picha yako ya mwaka 2009.

Punguza lengo. Huhitaji kurudi kwenye nguo ya sendofu. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu mpaka 9, yaani asilimia 5 hadi 10, presha na sukari vinaanza kushuka na magoti yanapumua. Nusu kilo kwa wiki inatosha sana. Ukikimbilia kilo 10 kwa mwezi, mwili unaona njaa imeingia nchini: unaongeza hamu ya kula na unapunguza matumizi. Hapo unashindana na mwili wako, na mara nyingi mwili ndio unaoshinda.

Hesabu sukari ya chai. Vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Yaani umeshaimaliza kabla hujagusa soda. Shusha kijiko kimoja kila wiki mbili. Ulimi unazoea, mimi nakwambia.

Pima mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Tukipika kwa kumimina kutoka kwenye dumu hatujui tumemimina vijiko vingapi. Weka kijiko jikoni na utumie hicho kila siku.

Panga sahani. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, bamia. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au yai. Robo ya mwisho ndiyo ugali au wali wako. Sijakunyang'anya ugali, nimeupangia chumba chake. Na mabaki ya watoto kwenye sahani, uwape kuku. Tumbo lako siyo pipa la kuokoa chakula kisitupwe.

Tembea, na beba vitu. Dakika 30, siku 5 za wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka kituo kimoja kabla. Halafu siku 2 kwa wiki fanya misuli kazi: kaa kwenye kiti usimame bila kushika, mara 10, pumzika, rudia. Sukuma ukuta. Nyanyua vidumu viwili vya maji vya lita 3. Hii ndiyo inayolinda misuli niliyosema mwanzo, na mifupa pia, ambayo estrojeni ilikuwa inaitunza. Kama una maumivu ya kifua au presha iko juu sana, pimwa kwanza.

Na nailoni tumboni, mikanda ya kutoa jasho, maji ya moto na limao? Jasho ni maji. Limao ni tamu kwenye samaki. Hata mkaja wa bibi zetu ulikuwa wa kumshika mzazi kiuno baada ya kujifungua, haukuwahi kuyeyusha mafuta.

SEHEMU YA 7: Hii ni ya baba na watoto

Nimeacha hii mwisho makusudi, maana mama amesomewa vya kutosha.

Baba, kaka yangu, unataka mkeo apungue. Sawa. Nani anakula chipsi mayai saa 4 usiku na kuacha nusu mezani? Nani alisema mboga za majani ni chakula cha ng'ombe? Mama akipunguza mafuta kwenye mchuzi, nani wa kwanza kuuliza "leo umepika au umechemsha"? Huwezi kumtaka apike vyakula viwili kila siku, cha kwenu na cha kwake, halafu ashangae anakosa muda wa kutembea. Sufuria ni moja. Ikibadilika, inabadilika kwa wote, na wewe mwenyewe kitambi chako kinahitaji hiyo kamba.

Mpe saa moja ya jioni. Osha vyombo, simamia homuweki, mwache atembee. Bora zaidi, tembea naye. Mpe usingizi: asubuhi mbili kwa wiki wewe ndiye uamke kuandaa watoto.

Na wewe mdogo wangu una miaka 27, una mtoto mgongoni, unaona haya hayakuhusu. Yanakuhusu mara mbili. Mama yako yuko kwenye umri huu sasa hivi, na wewe unakuja. Tabia ya soda kwenye chupa ya mtoto na biskuti za kumnyamazisha inaanzia mikononi mwako. Ukimwita mama yako "bonge" mbele ya binti yako, binti anajifunza mwili wa mwanamke ni kitu cha kuchekwa, na kesho yeye ndiye mteja wa chai.

Wikiendi hii usimnunulie mama chai ya 35,000. Chukua kamba, mpime. Mpeleke akapimwe presha na sukari, umsubiri mpaka atoke. Mkirudi, vaeni raba, au hata yeboyebo, mtembee mpaka kituoni na kurudi. Njiani muulize huwa analala saa ngapi, halafu msikilize.

Niko shifti ya usiku wiki hii. Mwenye swali aliweke hapa, nikitoka asubuhi nitajibu. Muuza chai naye aje, ila aje na orodha ya kilichomo kwenye pakiti yake.